Kusubiri Maendeleo Yapite

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji usijisumbue kuitafuta. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, basi nazipa pole zote mbili.

Nilikwenda huko kutazama mbio za mitumbwi. Kabla ya kustaafu nilikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti, na maisha yangu yote niliwaambia watu wasicheke, watazame mbele, wafunge midomo. Nilipofunga studio nilitamani kwenda mahali ambapo watu wanacheka bila kuzuiwa. Jirani yangu mmoja akanisimulia sherehe ya mitumbwi katika ziwa la nchi ile: watu wanaimba, wanarushiana maji, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Yeye aliiona akiwa mdogo. Nikafunga begi.

Mpakani nilimkuta afisa uhamiaji amelalia mkono wake.

"Umechokaje?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo salamu ya nchi yao, na jibu lake ni "Nimechoka salama." Ilianza kwa wananchi wenyewe, huko masokoni na mashambani. Serikali ikaipitisha baadaye, kwa hoja kwamba mtu aliyechoka ni mtu aliyefanya kazi, na nchi yenye watu waliochoka wote ni nchi iliyofanya kazi kupita nyingine zote.

"Nimechoka salama," nikajibu, na haukuwa uongo, maana nilikuwa nimetoka mbali.

"Umekuja kwa shughuli gani?"

"Kutazama mbio za mitumbwi."

"Za mwaka huu?"

"Ndiyo, za mwaka huu."

"Za mwaka huu ameshashinda Mheshimiwa Waziri," akasema huku akigonga muhuri. "Lakini kutazama hakukatazwi."

"Kwani zimeshafanyika?"

"Bado. Ni keshokutwa."

Alinirudishia pasipoti yangu na kulalia mkono wa pili.

*

Nilipata chumba katika kijiji cha Nyasini, nyumbani kwa mama mmoja aliyeitwa Nyamizi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, na ndiye aliyekuwa nahodha wa mtumbwi wa Nyasini. Nilishangaa kidogo kusikia hivyo, kwa sababu jirani yangu aliniambia kwamba mitumbwi ya mbio huendeshwa na wanaume.

"Ilikuwa hivyo," Nyamizi akaniambia. "Wanaume wote wamechukuliwa."

"Wamekwenda vitani?"

"Wamekwenda kushangilia, kaka."

Akanieleza. Serikali ilikuwa imeunda Kikosi cha Taifa cha Kushangilia, na kila mwanaume wa kando ya ziwa aliyekuwa na mapafu mazuri aliandikishwa. Mtu hawezi kupiga kafi na kupiga makofi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mitumbwi ikabaki kwa wanawake. Mumewe, Maganga, alikuwa amekaa pale pale ukutani, mtu mpole mwenye macho mekundu. Alinipa mkono, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Alikuwa ameshangilia ufunguzi wa daraja, halafu ufunguzi wa upande wa pili wa daraja lile lile, halafu ziara ya kukagua ufunguzi. Daktari alimwambia anyamaze mpaka sauti irudi. Kikosi kilimwambia angalau achezeshe midomo.

Chakula kilipoletwa kilikuwa ugali na samaki wa kopo. Nikala kimya, lakini nadhani uso wangu uliuliza swali, kwa sababu Nyamizi aliligeuza lile kopo ili niisome karatasi yake. Iliandikwa: *Samaki Bora wa Ghuba ya Matete.*

"Ghuba ya Matete iko wapi?" nikauliza.

Akanyoosha kidole nje ya mlango. Ilikuwa pale chini, mbele ya nyumba, maji matulivu yaliyozungukwa na matete, na katikati ya maji yale ulipita uzio wa nguzo na seng'enge, wenye bango kubwa: HIFADHI YA TAIFA. SAMAKI WANAPUMZIKA.

Ndipo nilipoelewa mbio zile zilikuwa za nini. Tangu enzi za mababu, kijiji ambacho mtumbwi wake ulitangulia kufika kilichagua maji ya kuvua mwaka mzima, na vijiji vingine vikafuata kuchagua kwa zamu. Kila mmoja alitaka Ghuba ya Matete, kwa sababu upepo hauingii mle na samaki hupenda kuzalia kwenye matete. Kisha ikaundwa Wizara ya Maji, Mila na Ushindi, ambayo ilitengeneza mtumbwi wake, ikauita Maendeleo, na tangu mwaka huo Maendeleo yamekuwa mbele. Wizara haikuwa na nyavu wala wavuvi, ila ilichagua ghuba. Kila alfajiri malori ya barafu yalikuja kuchukua wale samaki ambao walikuwa wamekwisha kupumzika.

"Na nyinyi mnavua wapi?"

"Nje huko, kilindini." Alisema hivyo kisha akaanza kukusanya vyombo. "Mwaka jana upepo ulichukua mtumbwi wa mume wa Kalunde na mdogo wake, hawakurudi. Kalunde ndiye anayekaa mbele kwenye mtumbwi wetu. Utamwona."

"Lakini kama mnajua kwamba Waziri ameshashinda, mnashindana kwa nini?"

"Usiposhindana unaandikwa kwamba hupendi mila." Akasimama na vyombo mikononi. "Na mimi napenda mila, kaka. Hilo ndilo linalonichosha."

*

Kesho yake alinijia Afisa Itifaki Mkuu, Bwana Sendama. Alikuwa mtu mwembamba aliyevaa koti jeusi kwenye jua kali, na alizungumza kama mtu anayesoma tangazo la msiba la familia asiyoifahamu.

"Umechokaje?"

"Nimechoka salama."

"Tumepata habari kwamba wewe ni mgeni kutoka nje," akasema. "Tunaomba uwe Mtazamaji wa Kimataifa."

Nikamwambia kwamba ndicho nilichokuja kufanya, kutazama.

"Hapana. Ulikuja kutazama kwa macho. Sasa utatazama kwa niaba." Akafuta jasho. "Utakaa jukwaani, na mwisho wa mbio utaitwa kwenye kipaza sauti, utasema 'Nimeona.'"

"Nimeona nini?"

"Hapo utakuwa umemaliza. Ulichokiona tutakieleza sisi."

Aliniambia pia utaratibu wa siku hiyo. Mitumbwi yote ingeondoka pamoja kutoka ng'ambo. Ikifika kwenye maboya mekundu, jirani kabisa na bendera ya mwisho, mitumbwi ya vijiji ingesimama na kuinua makafi, ikisubiri Maendeleo yapite kwanza. Hiyo ilikuwa kanuni, na iliwekwa kwa ajili ya usalama wa matokeo. Miaka ya nyuma, kabla ya kanuni, matokeo yalikuwa yakihatarishwa mara kwa mara na watu wenye nguvu za mikono.

Jioni hiyo nililazimika kuhudhuria mazoezi ya makofi. Kikosi kilipangwa kwa urefu. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: kila Mheshimiwa Waziri anapomaliza sentensi, makofi ya pande tatu, kulia, kushoto na mbele; akimaliza hotuba, vigelegele. Mkufunzi aliwakumbusha kwamba kazi yao si kusikiliza maneno, maana anayesikiliza huchelewa. Nilimwona Maganga katikati ya mstari, akichezesha midomo kwa bidii.

*

Siku ya mbio watu walijaa ufukweni tangu asubuhi. Nilitafuta wanaorushiana maji, sikuwaona. Walikuwa wamekaa kwa utulivu kwenye majani, wengine wamelala na bendera ndogo mikononi. Mama mmoja alikuwa amemfundisha mtoto wake mchanga kuishika bendera hata akiwa usingizini, na wapiga picha wa serikali walimsifu sana.

Kwanza kulikuwa na hotuba ya kumkaribisha mtu wa kumkaribisha Waziri. Kisha Mheshimiwa mwenyewe, Daktari Brigedia Kabulunge, akapanda mtumbwini ng'ambo, nasi tukamwona kwa mbali. Bwana Sendama, aliyekaa kando yangu, alinisimulia kwa sauti ya chini yaliyokuwa yakipakiwa. Mheshimiwa asingeweza kukaa kwenye ubao kama mpiga kafi, kwa hiyo liliwekwa kochi. Kochi lilihitaji zulia. Bendi ya tarumbeta ilihitaji nafasi, na picha kubwa ya Kiongozi ilihitaji watu wa kuishika isiinamishwe na upepo. Walinzi wakaingia kumlinda Waziri, na maofisa wa juu wakaingia wasije wakasemwa kwamba walibaki ufukweni. Mwisho waliingia wapiga kafi, wale ambao nafasi ilibaki kwa ajili yao.

"Si utakuwa mzito?" nikauliza.

"Ni mtumbwi wa Wizara," Bwana Sendama akajibu. "Umetengenezwa kwa uzito wake."

Mheshimiwa alikuwa amevaa kipaza sauti kidogo karibu na mdomo, kilichounganishwa na spika zilizofungwa kwenye miti kando ya ufukwe mzima, ili wananchi wasikose neno. Bastola ya kuanzishia ikalia na mitumbwi ikaondoka.

Nikiri kwamba moyo wangu ulichangamka. Wanawake wale walipiga kafi kwa pamoja, kama mgongo mmoja tu mrefu unaopanda na kushuka, na wimbo wao ukatufikia juu ya maji. Nyamizi alisimama nyuma na kafi refu la kuelekezea. Mbele kabisa alikaa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe, nikajua huyo ndiye Kalunde. Mara moja mtumbwi wa Nyasini ulikuwa mbele ya mingine yote, ukiwemo wa Wizara. Bwana Sendama akatazama pembeni kama mtu aliyemwona mwenzake akivua nguo.

"Watasimama kwenye maboya," akasema.

Katikati ya ziwa Mheshimiwa aliamuru Maendeleo yasimame ili ahutubie. Spika zikakoroma.

"Ndugu wananchi, sisi wote tumo katika mtumbwi mmoja."

Kikosi kikapiga makofi ya pande tatu.

"Mtumbwi huu hauyumbi."

Makofi ya pande tatu.

Bendi ikasimama kupiga wimbo wa kuitikia, na kwa kuwa ilisimama upande mmoja, mtumbwi uliinama upande huo. Walinzi wakakimbilia upande wa pili, ukainamia huko. Tuliona maji yakimeta pembezoni, yakiingia polepole, bila haraka yoyote.

"Kuna maji hapa," spika zikasema.

Makofi ya pande tatu.

"Nasema kuna maji. Yanaingia."

Makofi ya pande tatu.

"Jamani, mimi sijui kuogelea."

Makofi yakawa makubwa kidogo, kwa sababu sauti ya Mheshimiwa ilikuwa imepanda na mkufunzi akadhani hotuba inafikia kilele. Nilimtazama Bwana Sendama. Alikuwa amesimama, mikono ikining'inia.

"Wanyamazishe," nikamwambia.

"Hakuna kanuni ya kunyamazisha," akasema.

"Nazama," spika zikasema, na Mheshimiwa aliponyamaza hapo, Kikosi kikahesabu kwamba hotuba imekwisha, kikapiga vigelegele.

Mitumbwi ya vijiji vingine ilikuwa na agizo la kutokaribia Maendeleo, ikabaki mbali ikielea. Mtumbwi wa Nyasini ulikuwa umeshakaribia maboya. Nilimwona Nyamizi akigeuza kichwa, akatazama nyuma, akawaambia wenzake kitu. Baadaye aliniambia alichowaambia: "Kule kuna watu." Kalunde alikuwa wa kwanza kuchomeka kafi lake kwa nyuma ili mtumbwi ugeuke.

Walirudi kwa kasi zaidi kuliko walivyokwenda. Bendi ilikuwa imeng'ang'ania kochi, ambalo lilielea vizuri sana. Maofisa walishikilia ile picha kubwa, na kwa mara ya kwanza mtu angeweza kusema kwa haki kwamba Kiongozi amewaokoa. Wale wapiga kafi wa Wizara walijua kuogelea, wakawashika walinzi. Hakufa mtu, nashukuru kusema. Waziri peke yake ndiye aliyekuwa mbali na chochote cha kushika, na Kalunde akamnyooshea kafi, akamvuta, akamkokota ndani kwa mkanda wa suruali.

*

Kile kipaza sauti kidogo kilikuwa cha gharama, na hakikuharibika kwa maji. Kwa hiyo tulisikia yote yaliyofuata.

Tulisikia kwanza Mheshimiwa akikohoa. Tukaona mtumbwi wa Nyasini ukija taratibu, umeshuka majini kwa uzito wa Waziri na maofisa kadhaa. Ulipofika kwenye maboya mekundu, wanawake wakainua makafi. Mtumbwi ukasimama.

"Mbona mmesimama?" sauti ya Mheshimiwa ikauliza kutoka kila mti.

"Tumefika kwenye maboya, Mheshimiwa," sauti ya Nyamizi ikajibu, ya chini kama kawaida yake.

"Bendera ile pale. Endeleeni."

"Kanuni inasema tusubiri Maendeleo yapite kwanza."

"Maendeleo yamezama."

"Tumeona, Mheshimiwa. Basi tutasubiri."

Ufukweni hakuna aliyepiga makofi. Mkufunzi wa Kikosi alikuwa amekaa chini, ameshika kichwa. Watu waliokuwa wamelala kwenye majani walikuwa wameamka, wamesimama.

"Naifuta kanuni hiyo," Mheshimiwa akasema. Meno yake yalikuwa yakigongana, nayo pia tuliyasikia. "Haya, twende."

"Asante. Lakini mikono imechoka, baba."

"Imechoka vipi wakati mmebakiza hapa tu?"

"Hapa ndipo inapochokea kila mwaka. Imeshazoea."

Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa mtumbwi, na mtumbwi ulikuwa mzito, na ofisa mmoja alisikika akisali.

"Mnataka nini?" Mheshimiwa akauliza.

Nilidhani Nyamizi ndiye atakayejibu. Sauti iliyojibu ilikuwa nyingine, kavu, isiyo na hasira.

"Mimi naitwa Kalunde. Mwaka jana mume wangu alikwenda kuvua kilindini kwa sababu ghuba ilifungwa. Alikuwa anajua kuogelea."

Sijui Mheshimiwa alitazama wapi wakati huo. Nilipokuwa na studio nilizoea kuona nyuso za wakubwa zikisubiri mwanga wa kamera, na mara chache, kabla tu mwanga haujawaka, uso husahau cheo chake. Labda ilikuwa hivyo. Au labda ilikuwa baridi tu.

"Mimi," spika zikasema, kisha zikakohoa. "Mimi, Waziri wa Maji, Mila na Ushindi, natamka kwamba Ghuba ya Matete irudi kwa vijiji, na ichaguliwe kama ilivyokuwa ikichaguliwa zamani. Natamka sasa hivi. Haya, inatosha?"

Kikosi kilikuwa hakijui la kufanya. Waliandikishwa kutosikiliza, na safari hii walikuwa wamesikia. Nikasikia makofi ya mtu mmoja. Alikuwa Maganga. Alipiga polepole, mikono ikikutana kwa shida, na machozi yalimtoka bila sauti yoyote. Kisha jirani yake akapiga, na hawakupiga kwa pande tatu. Walipiga ovyo kabisa.

Mtumbwi wa Nyasini ukapita bendera.

*

Kombe lilikuwa limeshachongwa jina la Maendeleo, na kwa kuwa jina lililochongwa halifutiki, lilikabidhiwa kwa Mheshimiwa, aliyelipokea akiwa amefunikwa blanketi. Msemaji alieleza kwamba Maendeleo hayakuzama, ila yalikuwa yamefanya ziara ya kukagua kina. Mshindi ni mtumbwi uliombeba Waziri, na Waziri alibebwa mpaka mwisho, hivyo hakuna utata.

Nikaitwa kwenye kipaza sauti. Nilikuwa mzee mgeni, miguu inaniuma, na ningeweza kusema neno langu moja nikakae. Lakini niliwaona wanawake wa Nyasini wamekaa kwenye nyasi, nguo zimewalowa, Kalunde amelaza kichwa kwenye bega la Nyamizi.

"Nimeona mtumbwi wa Nyasini ukifika wa kwanza," nikasema. "Nimeona wakirudi kuwaokoa watu kabla ya hapo. Vinginevyo wangekuwa wamefika zamani."

Fundi wa mitambo alikuwa amezoea, akazima baada ya neno la kwanza. Spika zilisema "Nimeona" na kunyamaza. Nikaendelea kuzungumza na hewa mpaka nikamaliza, maana nilikuwa nimeshaanza. Bwana Sendama alikuja akanishika kiwiko, akanirudisha kwenye kiti changu kwa heshima kubwa.

"Umesema vizuri sana," akaniambia. "Hasa pale mwanzo."

*

Asubuhi iliyofuata Nyamizi aliniamsha na kuniuliza kama ningependa kwenda ghubani. Tulikwenda. Vijiji vingine vilikuwa vimeshafika. Walinzi wa uzio walikuwa wamekaa kwenye lango lao la seng'enge, na lango lilikuwa wazi. Hakuna aliyewaomba wafungue. Mmoja wao aliniambia kwamba walisikia sauti ya Waziri kwenye spika, na wao huitii sauti ya Waziri, na tena walikuwa wamechoka kulinda samaki wasiowafahamu.

Mitumbwi iliingia mmoja mmoja. Nyamizi alisimama kwenye wake, karibu na matete, wavu begani. Maganga alikuwa naye, kafi mkononi, ametoroka makofi. Dereva wa lori la barafu alikuwa ameegemea gari lake akitazama, na barafu ilikuwa ikichuruzika chini ya magurudumu.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Sendama. Alishuka kwenye gari, akatembea kwenye majani yenye umande na koti lake jeusi mpaka ukingoni, akasimama.

"Umechokaje, Bi Nyamizi," akasema.

"Nimechoka salama, Bwana Sendama."

"Nimetumwa. Tamko la Mheshimiwa la jana limeangaliwa na wanasheria. Lilitolewa majini. Ofisi ya Mheshimiwa iko nchi kavu. Kwa hiyo akiwa majini hana mamlaka, na tamko halipo."

"Si ndiye Waziri wa Maji?" nikauliza, kwa sababu kweli sikuelewa.

"Ni yale ya bomba," akanijibu kwa huzuni.

Nilimtazama Nyamizi. Hakushusha wavu begani.

"Na amri hii ya kulifuta, imetolewa wapi?" akauliza.

"Ofisini."

"Ofisi iko nchi kavu."

"Ndiyo."

"Basi itumike huko huko nchi kavu. Tukishuka mtukumbushe, tutaifuata. Hapa tuko majini."

Bwana Sendama aliwatazama walinzi, na walinzi wakatazama kucha zao. Akatazama barabara aliyojia, ile ndefu yenye vumbi, ambayo ingemlazimu kurudi nayo kwenda kuwauliza wanasheria swali hilo, kisha aje tena nalo jibu, na huenda Nyamizi angekuwa na swali lingine. Nilimwona akifikiri safari hiyo yote, kwenda na kurudi. Bega moja likashuka, kisha la pili.

Akakaa kwenye majani. Akavua viatu, akavua soksi, akazikunja ndani ya viatu, akateremsha miguu mpaka ikaingia ziwani. Akafumba macho.

Nyamizi akatupa wavu. Ulifunguka wote hewani, ukashuka kwenye maji matulivu kwa sauti ndogo. Mumewe akajaribu kusema kitu. Sauti ilitoka, mbaya, ya kukwaruza, na wote tukageuka kumsikiliza.

"Vuta," alisema.